Pumzi Kumi Kabla ya Tepu

Mtu wa kwanza kumwita Mama Sentimita alikuwa Mzee Randa, seremala mwenzake, siku mwanamke huyo alipomkatalia kipande cha ubao kwa sababu kilizidi kwa upana wa ukucha. Jina likamganda. Hata Meneja alilitumia, na hata binti yake wa miaka tisa, akitaka kumtania, alimwita hivyo. Mwenyewe hakulichukia. Alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na minne, kwenye darasa la jioni lenye madawati ya watoto, magoti yakigonga ubao, na kwa mtu kama yeye kuitwa jina la kipimo kulikuwa heshima ya aina yake.

Karakana yao ilitengeneza viti vya mbao kwa watoto ambao miili yao haiwezi kukaa yenyewe. Kila kiti kilikuwa cha mtoto mmoja tu. Fomu ilikuja kutoka zahanati za mbali ikiwa na visanduku saba, na katika kila kisanduku muuguzi au mwalimu aliandika namba: upana wa nyonga, kina cha kiti, urefu wa ugoko, upana wa kifua, kisha kutoka kwenye kalio hadi kwapani, hadi begani, hadi utosini. Mafundi hawakumwona mtoto, isipokuwa wachache wa karibu ambao Mama Sentimita, fundi mkuu, aliwapima mwenyewe. Waliziona namba, wakakata mbao kwa kuzifuata. Namba ikikosewa, mtoto anateseka, na kiti kinarudi.

Mwaka uliopita, kati ya viti arobaini, kumi na kimoja vilirudi. Vilipangwa kwenye kona karibu na dirisha, na Mzee Randa aliiita kona hiyo wodi. "Ngoja nikawaone wagonjwa," alisema kila asubuhi, akipita na kikombe chake cha chai. Mwanzoni watu walicheka.

Ni wodi hiyo iliyomfanya Mama Sentimita achukue kalamu. Alijua maana ya kukaa mbele ya kisanduku kinachouliza jambo usilolielewa, ukaandika chochote kwa kuona haya kuuliza. Basi pembeni mwa kila kisanduku aliandika maneno machache. Penye kina cha kiti aliandika: *Anza nyuma kabisa ya kalio, ishia nyuma ya goti, kisha punguza vidole viwili.* Penye kwapa, ambapo makosa yalikuwa mengi kuliko kwingine kote, aliandika: *Mpime anavyokaa mwenyewe. Usimnyanyue. Usimnyooshe. Hesabu pumzi zake kumi, mwili utulie, ndipo uweke tepu. Begani na utosini fanya vivyo hivyo.*

Alikuwa hajamaliza kuonea fahari maneno hayo barua ilipofika kutoka kwa wafadhili. Meneja aliisoma akiwa amesimama. Wafadhili walisema viti vinavyorudi ni vingi mno. Kwa hiyo, ama karakana ionyeshe kwamba watu wanaweza kujaza fomu sawasawa, ama kuanzia mwaka mpya meza inayotengeneza viti vya kupimwa ifungwe na vitengenezwe viti vya saizi tatu tu: kidogo, cha kati, kikubwa. Pamoja na barua walileta kiti kimoja cha kati, kiwe mfano.

Siku hiyohiyo Mama Sentimita alimkalisha binti yake kwenye mfano ule. Mgongo wa binti ulipinda kuelekea kushoto tangu utotoni. Aliinama, akateleza, kidevu kikaangukia kifuani, na kabla mtu hajamaliza glasi ya maji, pumzi zilianza kukoroma. Mama alimtoa mbio. Alikosa usingizi kwa wiki nzima.

Kwa sababu alijua binti alikotoka. Kabla ya kupata kiti, mtoto yule alilala chali kwenye mkeka tangu asubuhi hadi jioni. Aliijua dari ya nyumba yao kuliko mtu yeyote: misumari mingapi, doa gani la mvua lilikua mwezi gani. Kiti ndicho kilichompeleka shule. Watu wa karakana walimwita Malkia kwa sababu alikuwa na kiti chake cha enzi, chenye magurudumu manne madogo na pedi mbili za kumshika ubavuni, na alikuwa tayari anaanza kukizidi. Mwakani angehitaji kipya. Meza ikifungwa, Malkia anarudi kwenye mkeka.

Hilo ndilo alilolipeleka mbele za Mungu kila alipopiga magoti. Hakuomba makubwa. Aliomba mambo mawili tu, na moja alikuwa akiliomba kwa miaka tisa: mgongo wa mwanangu unyooke. La pili lilikuwa jipya: majaribio yafaulu.

Majaribio yalipangwa Alhamisi. Wafadhili walimtuma mtafiti, dada mmoja mwenye miwani na sauti ya chini, anayepanga kalamu zake kwa urefu. Aliwaeleza utaratibu. Watu kumi na sita watakuja, wauguzi na walimu, ambao hawajawahi kuiona fomu. Wanane watapewa fomu tupu, wanane watapewa yenye maelezo ya pembeni, kwa kura, wakiingia mmojammoja. Wote watampima mtoto yuleyule. Vipimo vya kweli vitachukuliwa mapema na fundi mkuu, vifungwe ndani ya bahasha. Atakayekosea kwa zaidi ya sentimita moja, amekosa.

"Na mtoto tutampata wapi wa kukubali kushikwashikwa na watu kumi na sita?" aliuliza Meneja.

"Nipo," alisema Malkia kutoka kwenye kiti chake. "Lakini wanawe mikono."

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, kabla ya wageni, Malkia alikalishwa juu ya benchi la kupimia, miguu ikining'inia. Meneja alishika kalamu. Mama Sentimita aliinama akamnong'oneza binti yake sikioni, kama alivyofanya siku zote, "Haya, kaa kama malkia." Mtoto alijikaza. Mama akaweka kiganja chini ya mbavu za kushoto, akavuta tepu kwa mkono wa pili.

"Kwapa, thelathini na nane."

"Thelathini na nane," Meneja alirudia, akaandika. Vipimo saba viliingia kwenye bahasha, bahasha ikafungwa, na mtafiti akaikalia kabisa ili pasiwe na maneno.

Kisha kazi ikaanza. Mama Sentimita alipewa kiti ukutani na onyo moja: asiseme neno. Mtafiti alisema hata kukohoa akohoe bila maana.

Ilikuwa siku ndefu. Malkia alipimwa, akalazwa kwenye godoro apumzike, akakalishwa tena. Wenye fomu tupu waliingia kwa haraka na huruma nyingi. Muuguzi mmoja mnene, mcheshi, alimkamata mtoto makwapani akamwinua kama anayetundika koti. "Inuka mrembo wangu, usikae kama mzee wa pensheni." Akaweka tepu, akaandika. Alipofika kwenye kina cha kiti alikuna kichwa, akapima kutoka kiunoni hadi mbele ya goti. Mama Sentimita aliuma ulimi. Lakini alipochungulia namba ya kwapa aliona thelathini na nane, akashangaa kidogo.

Wenye fomu za maelezo walichukua muda zaidi. Walisoma huku midomo ikicheza. Kina cha kiti walipata vizuri, nyonga vizuri, ugoko vizuri, na moyo wa Mama ukawa unapanda kama unga wenye hamira. Halafu walifika kwenye kwapa. Waliondoa mikono. Walikaa wakihesabu pumzi. Na katika zile pumzi kumi, mbele ya macho ya mama yake, Malkia alishuka. Alishuka taratibu, upande wa kushoto, bega likitangulia, mpaka mwili ulipofika mahali ukatulia. Ndipo wakaweka tepu.

Thelathini na tatu.

Aliyefuata, thelathini na tatu. Mwingine, thelathini na nne. Mwingine tena, thelathini na tatu.

Wanampinda mwanangu, alisema moyoni. Maneno yangu mwenyewe ndiyo yanayowafanya wampinde. Alitamani kunyanyuka akamshike mtoto mbavu. Badala yake alishika tama na kuomba, na maombi yenyewe yalikuwa yamekatikakatika: Ee Mungu, usiniaibishe. Ee Mungu, wape macho. Ee Mungu, mkeka tena, hapana.

Saa nane mtafiti alifungua bahasha. Alihesabu mara mbili huku Meneja akimwangalia kidole.

"Fomu tupu," alisema, "visanduku thelathini na saba sahihi, kati ya hamsini na sita. Zenye maelezo, thelathini."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anaburuta bati.

"Maana yake maelezo yanaharibu," alisema Meneja hatimaye. Hakusema kwa ubaya. Alionekana mtu aliyechoka. "Ningeweza kuelewa kama hayasaidii. Lakini yanaharibu. Barua inatakiwa kuondoka saa kumi, Mama Sentimita. Nitaandika kilichoonekana."

"Kuna jambo moja la ajabu," alisema mtafiti, akisogeza fomu kama karata. "Watu wanaokosea hutawanyika. Huyu huku, yule kule. Hawa wanane wamekosea pamoja, mahali palepale, kama kwaya. Vile visanduku vinne vya kwanza karibu wote wamepata. Vitatu vya mwisho, kwapa, bega na utosi, hakuna hata mmoja aliyepata. Na wote wamepungua kiasi kilekile."

"Wamekosea pamoja, wamekosea," alisema Meneja.

Mama Sentimita alinyanyuka. Alimwendea Malkia kwenye godoro, akambeba, akamrudisha kwenye kiti chake chenye magurudumu. Alimwingiza kama kila siku, mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti, akamvuta juu ili pedi za ubavuni ziingie makwapani. Mtoto akafumba macho kwa nguvu, kisha akayafumbua.

"Bado panakuuma?"

"Kidogo."

Kidonda cha kwapani kilikuwa cha tangu mwaka jana. Mama alisema ni joto. Akabadilisha kitambaa cha pedi, kutoka turubai hadi pamba, kutoka pamba hadi flana. Akaongeza sponji. Akaombea mafuta akayapaka. Kilipona kikarudi, kikapona kikarudi.

"Mama," alisema Malkia kwa sauti ya kuiba, "wale wenye karatasi ya maneno mengi hawaumizi."

"Kwa nini?"

"Wanaacha nikae."

"Na wale wengine?"

"Wananivuta. Kama wewe."

Mama alichuchumaa. Macho yake yalikuwa usawa wa pedi ya kushoto. Aliitazama pedi, akalitazama kwapa lililoning'inia juu yake kama nguo kwenye kamba, akaona kwamba mtoto wake hajakaa. Alikuwa ametundikwa.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Malkia alifikiri. "Unafurahi nikinyooka," alisema.

Ilikuwa kana kwamba mtu amemmwagia maji ya barafu kutoka utosini. Pumzi kumi. Usimnyanyue. Usimnyooshe. Aliyaandika yeye, kwa mkono wake, kwa ajili ya watoto wa watu wote. Kwa wake hakuwahi kuhesabu hata pumzi moja. Miaka tisa alikuwa akimwomba Mungu mgongo ulionyooka, na kila alipochukua tepu alipima yale maombi, mtoto hakumpima.

Akabaki amechuchumaa. Mbele yake palikuwa na njia mbili, zote za miiba. Akinyamaza, meza inafungwa na Malkia anarudi kutazama dari. Akisema, atasimama mbele ya watu na kukiri kwamba fundi mkuu wa viti vya watoto amemtia mwanawe kidonda kwa mwaka mzima. Na nani atamwamini, baada ya bahasha kufunguliwa?

Alipiga moyo konde, akarudi mezani.

"Meneja, kipimo cha kwenye bahasha ni kibovu."

"Kibovu vipi? Nimekiandika mwenyewe."

"Uliandika vizuri. Mimi ndiye niliyepima vibaya."

Meneja aliweka kalamu chini. "Mama Sentimita. Mwanafunzi akishaona majibu ubaoni, halafu akasema mtihani ulikosewa, wewe ungemwitaje?"

"Ningemwita mwongo."

"Basi umejibu."

"Ndiyo. Lakini nilimshika mbavu, Meneja. Ulikuwepo. Nilimshika, wewe ukiniangalia, na hukushangaa, kwa sababu ndivyo ninavyofanya kila siku."

Meneja alilitazama benchi la kupimia. Alikuwa anakumbuka.

"Una kitu cha kuonyesha?" aliuliza mtafiti.

Mama alimgeukia binti yake. "Mwanangu, naweza kuwaonyesha?"

Malkia alimtazama Mzee Randa, aliyekuwa ameingia kutoka chumba cha misumeno, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. "Babu Randa asicheke."

"Sicheki, Malkia. Leo meno nimeyaacha nyumbani."

Mama alifungua vifungo viwili vya blauzi ya mtoto, akainua mkono wa kushoto. Kidonda kilikuwa na ukingo ulionyooka, kama kimechorwa kwa rula. Kilikuwa na umbo la pedi. Meneja aligeuza uso upande wa wodi, kwenye vile viti kumi na kimoja, akakaa akivitazama.

"Kidonda kinasema pedi ziko juu," alisema mtafiti kwa upole. "Hakisemi ziko juu kwa sentimita tano. Samahani, mama. Sitaki kukuonea, lakini sitaki pia kukubeba."

"Usinibebe, dada. Tushushe pedi. Tuziweke thelathini na tatu, pale walipoandika wale wanane. Kama wamekosea, Malkia ataporomoka kama alivyoporomoka kwenye kiti cha mfano, tutaona wote. Kama wamepata, atakaa."

"Kwa kawaida anakaa muda gani?"

"Nusu saa," alijibu Malkia mwenyewe. "Halafu naomba kulazwa. Mwalimu ana saa yake mezani kwa ajili yangu."

Mtafiti alitazama saa ya ukutani. Saa nane na nusu. "Akikaa saa nzima, bila kushikwa na mtu, nitaandika."

Mzee Randa alikuwa ameshainama nyuma ya kiti, akigonga ubao kwa kifundo cha kidole. Uso ulimbadilika. "Mama Sentimita, njoo." Akashusha sauti. "Ubao huu una matundu manne tayari. Nikitoboa mengine karibu hivi, unaweza kupasuka kuanzia hapa hadi hapa. Na plaiwudi nene imekwisha, unajua. Ukipasuka hana kiti, si cha mwakani wala cha kesho."

"Najua."

"Nitoboe?"

Alimtazama binti yake. Binti alikuwa anajaribu kuona wanachofanya nyuma yake, shingo haifiki. Ee Mungu, alisema Mama, na hakupata neno la kuongeza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujua aombe nini.

"Toboa," alisema. "Polepole."

Malkia alirudishwa kwenye godoro. Mzee Randa alitia drili, na Mama akashika ubao kwa mikono yote miwili, kifua kikiugandamiza, kana kwamba angeweza kuuzuia usipasuke kwa mwili wake. Unga wa mbao ulimrukia usoni. Tundu la kwanza. La pili. Kwenye la tatu ubao ulilia, mlio mwembamba, na mstari kama unywele ukatokea, ukatembea upana wa vidole viwili, ukasimama. Mzee Randa alizima drili. Jasho lilimdondoka kwenye ncha ya pua.

"Umesimama," alisema.

"Endelea."

La nne likapita. Walifunga skrubu kwa mkono, kwa bisibisi, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Saa tisa kasoro dakika tano Mama Sentimita alimbeba mtoto wake, akamweka kitini. Mikono ilitaka kumvuta juu. Ilikuwa imezoea, ilikwenda yenyewe. Aliirudisha nyuma kwa nguvu, akaifumbata mgongoni kama mtu aliyetiwa pingu. Kisha akahesabu.

Malkia alishuka. Pumzi ya tatu, ya nne. Bega la kushoto lilitangulia, kiuno kikafuata. Pumzi ya saba. Mama alijua hapa ndipo kichwa kitakapoanguka. Pumzi ya nane ubavu ulifika kwenye pedi. Pedi ikaupokea. Pumzi ya tisa, ya kumi. Kichwa kilibaki juu, kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza.

"Nipe penseli yangu," alisema Malkia.

Walikaa wote wanne kumzunguka, watu wazima, hakuna mwenye kazi. Meneja alikuwa na barua isiyoandikwa mapajani. Mtoto alichora kwenye kibao chake cha kuandikia. Saa ya ukutani ilikuwa ya aina ile inayosikika.

Dakika ya kumi na tano. Ya ishirini na tano. Mama hakutazama saa, alimtazama mtoto, na ikawa kama anamwona leo. Alikuwa amepinda. Hakukuwa na namna nyingine ya kusema. Bega moja chini, jingine juu, mbavu zimekunjamana upande mmoja kama karatasi. Huyu ndiye aliyepewa. Yule aliyenyooka, aliyempima na kumkatia mbao na kumshonea flana, hakuwahi kuzaliwa. Machozi yalimtoka, akaacha yatoke, kwa sababu kuyafuta kungehitaji mikono na mikono hakuiamini.

Nusu saa ilipita. Mtoto hakuomba kulazwa.

Dakika ya arobaini na tano aliinua kichwa. "Mama."

Wote walikauka. Kalamu ya Meneja iligusa karatasi ikaacha doa.

"Nini, mwanangu?"

"Penseli imekatika."

Mzee Randa alichonga penseli kwa kisu chake, macho yakiwa kwa mtoto badala ya penseli, hata akaikata tena ikabidi aanze upya. "Karakana nzima ya mafundi," alinong'ona, "na penseli inatushinda."

Saa kumi kasoro dakika tano mtafiti alisimama, akaja, akapitisha kipande cha karatasi kati ya kwapa na pedi. Karatasi ikapita bila kukwama. Akampima upya kwapa, bega na utosi, vilevile alivyokaa. Alifungua tena zile fomu kumi na sita, akahesabu upya kwa kipimo kipya. Mara hii alihesabu mara tatu.

"Zenye maelezo, hamsini na mbili. Tupu, ishirini."

Mama Sentimita hakushangilia. Alikaa sakafuni pale aliposimama.

"Sikiliza," alisema Meneja, na sauti yake ilikuwa nzito. "Siwezi kuandika hizi peke yake. Nitaandika hesabu zote mbili, ya kwanza na ya pili, na sababu. Watasoma kwamba fundi mkuu alikosea kumpima mtoto wake. Labda watasema karakana yenye fundi kama huyo ifungwe yote. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Andika."

"Na jina lako?"

"Liandike."

Jibu lilichukua siku kumi na moja. Katika siku hizo Mama Sentimita hakugusa tepu. Alishona pedi, alifagia, aliomba, na mara nyingi maombi yenyewe yalikuwa kukaa kimya tu mbele za Mungu, akijiona kama fomu tupu. Mzee Randa aliacha kwenda kuwaona wagonjwa wa wodi. Siku moja alimkuta akilia nyuma ya rundo la sponji, akakaa kando yake, akamwambia, "Mimi mke wangu nilimtengenezea kitanda kifupi. Miaka ishirini analala amekunja magoti, anasema anapenda hivyo." Halafu akaondoka kwenda kuwasha msumeno.

Wafadhili waliandika kwamba meza ya viti vya kupimwa itaendelea kwa mwaka mmoja. Fomu itachapishwa pamoja na maelezo ya pembeni. Lakini kila mtoto aliyepimwa kwa mkono wa fundi mkuu apimwe upya na mtu mwingine, na fundi mkuu asipime mtoto yeyote mpaka hapo atakapoarifiwa. Walikuwa watoto tisa. Wawili kati yao, walipopimwa upya, pedi zao nazo zilikutwa juu. Mama zao walikuwa wamesimama kando siku ile ya kwanza, wakisema nyoosha mgongo, baba, nyoosha mgongo uonekane. Na yeye alikuwa amewasikiliza.

Alienda nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi. Mmoja alimpokea. Mwingine alimfungia mlango, na nyuma ya mlango akamsikia mtoto akiuliza ni nani.

Kabla fomu mpya haijapelekwa kuchapwa, Meneja alimwita ahakiki herufi zake. Malkia alikuwa kando yake, kwenye kiti kilekile, ubao umefungwa kipande cha chuma pale ulipolia. Kidonda kilikuwa kimefunga. Mama alisoma yote polepole, kidole chini ya maneno, kama alivyofundishwa darasani jioni. Alipofika mwisho alichukua kalamu, akaandika mstari mmoja zaidi, pembeni, chini ya yote.

Malkia alinyoosha shingo akasoma kwa sauti: "*Kama mtoto ni wako, mpe mtu mwingine tepu.*" Akamtazama mama yake. "Huyu ni mimi?"

"Hapana, mwanangu," alisema Mama Sentimita. "Ni mimi."